Mgeni Asiyetaja Siku ya Kuondoka

Alifika na begi moja na kuku wawili, akasema amekuja kuwasalimia tu. Mkafurahi, mkapika pilau. Leo ni wiki ya sita. Godoro lake liko sebuleni, watoto hawana pa kufanyia kazi za shule, umeme wa LUKU uliotosha wiki mbili sasa unakwisha siku ya tisa, na hakuna aliyewahi kumwuliza anaondoka lini.

Kosa si la mgeni peke yake. Kwetu kumwuliza mtu siku ya kuondoka huonekana ni kumfukuza, basi tunanyamaza mpaka ukimya ugeuke nongwa. Uliza siku ya kwanza au ya pili, chai ikiwa bado mezani na vicheko havijaisha: "Mjomba, tuko nawe mpaka lini? Nataka nijipange nipate nafasi ya kukaa nawe." Swali hilohilo likingoja wiki ya sita, linachoma.

Halafu kuna jembe. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoandika juu ya Ujamaa, akaongeza kwamba mara nyingi mgeni mwenyewe huliomba jembe kabla hajapewa. Kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili jembe ni kuchota maji, kwenda gengeni, kumpeleka mtoto shule. Mpe bila kununa, kama unavyompa mtu wa nyumbani. Mwenye shida ya kweli atalishika. Aliyefuata starehe ataanza kukumbuka kwake. Waislamu nao wana mafundisho ya Mtume: ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, zinazozidi ni sadaka, na si halali mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake dhiki.

Kabla ya kusema lolote, jua kinachomweka. Aliyekuja kutibiwa Muhimbili na kupangiwa kliniki mwezi ujao si wa kuhesabiwa siku. Aliyegombana na mkewe anahitaji mzee wa kuwapatanisha kuliko anavyohitaji godoro lako. Kijana anayetafuta kazi mpe muda unaojulikana: "Mdogo wangu, tujaribu mpaka mwisho wa mwezi huu. Ukipata, tumshukuru Mungu. Usipopata, nauli ya kurudi nitakupa, na nikisikia nafasi nitakupigia."

Nani aseme? Mwenye ndugu. Akiwa ni ndugu wa mume, mume aseme. Wa mke, mke aseme. Mke akimwambia shemeji yake, hata kwa maneno ya asali, ukweni watasimulia miaka kumi kwamba aliwafukuzia mtoto. Na waume wengi hapa hujificha nyuma ya wake zao. Waache hiyo tabia. Wewe na mgeni mzungumze wawili tu, pembeni, si mezani wala mbele ya watoto. Taja hali ya nyumba, usitaje tabia zake: chumba ni kidogo, ada zinakaribia, mwenye nyumba analalamikia maji.

Mafumbo yaacheni. Khanga yenye jina la kuchoma ikianikwa mlangoni, sufuria zikigongwa, sukari ikifichwa, mgeni ataelewa kabisa, ila ataondoka na hasira na habari itafika kijijini kabla yake. Kumnyima chakula ndiyo aibu isiyofutika.

Siku ikishapatikana, mkatie tiketi wewe mwenyewe mapema, maana nauli ukimpa mkononi inaweza kuliwa na safari ikafa. Mfungie na zawadi za waliobaki nyumbani, hata kama ni sukari na kitenge kimoja cha shangazi. Msindikize mpaka stendi, umbebee begi, ungoje basi litoke. Jioni mpigie simu umwulize kama amefika salama.