Upepo, mtumbwi na kambale

*Mimi ni kijana wa Michenga, navua kambale kwa mshipi. Siku za upepo mtumbwi unazungukazunguka, sijui samaki anapokula, na mama ananikataza kutoka. Nifanyeje? – Mvuvi, Ifakara*

Ndugu yangu, kinachokusumbua ni mtumbwi. Kambale hakimbii upepo. Huyu hutafuta chakula kwa sharubu na harufu, hivyo maji yaliyovurugika hayamzuii. Mara nyingi upepo husukuma wadudu na takataka kuelekea ukingo unaopigwa na mawimbi, naye hufuata huko, karibu na matete. Weka chambo chenye harufu kali na chubwi zito kidogo, mshipi ulale chini.

Nanga ifunge mbele ya mtumbwi, kamwe si ubavuni: ukifunga ubavuni, wimbi linakupiga upande na maji yanaingia. Acha kamba ndefu. Keti chini kabisa, usisimame hata samaki akivuta kwa nguvu. Vaa jaketi la kuokolea, na kabla ya kukaribia matete hakikisha hakuna viboko wala mamba.

Lakini mama ana hoja. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka mtoni kwa upepo mkali na mvua, nacho kilikuwa chombo kikubwa kuliko mtumbwi wako mara nyingi. Ukiona wingu jeusi, au mawimbi yakianza kumwaga maji ndani, kata kamba urudi. Mtumbwi ukipinduka, ushikilie, mti huelea. Aliye nchi kavu apige 114, Zimamoto na Uokoaji. Basi usitoke peke yako, na mwambie mama unakovua.