King'ora kikilia, nani apishwe?

Swali: Dereva wa Muyinga anayepeleka ndizi Gitega kupitia Karusi anauliza: je, ambulansi ipishwe hata ikiwa inakuja upande usio wake?

Jibu: Ndiyo, ikiwa imewasha king'ora na taa za dharura. Kanuni ya kimataifa imo katika kifungu cha 34 cha Mkataba wa Vienna wa 1968: kila mtumiaji wa barabara aachie nafasi, na ikibidi asimame. Dereva wa ambulansi naye anaweza kuvuka baadhi ya kanuni, mradi asihatarishe wengine.

Burundi magari hupita kulia. Anayeingia kutoka Tanzania kupitia Kobero, aliyezoea kushoto, awe makini: king'ora kikilia, awashe indiketa, asogee ukingo wa kulia, apunguze mwendo.

Tafadhali, madereva, msiifuate ambulansi ili kukwepa foleni. Nafasi ile ni ya mgonjwa.