Usipikie rangi katika sufuria ya ugali

Kusokota sufu nyumbani ni burudani njema, lakini isipofanywa kwa uangalifu huweza kudhuru mapafu, ngozi na hata watoto

JE, wewe ni mmoja wa wale wanaorudi nyumbani jioni wakiwa wamechoka akili kuliko mwili? Basi huenda umeshauriwa utafute kazi ndogo ya mikono ya kukupumzisha. Wengine hufuma, wengine hupanda maua. Wapo pia wanaonunua sufu ya kondoo ikiwa mbichi, wakaiosha, wakaisokota kuwa uzi na kuitia rangi kwa maganda ya vitunguu au magome ya miti.

Ni burudani nzuri. Mkono huvuta, kijiti huzunguka, uzi hurefuka, na polepole mawazo ya kutwa huanza kutulia. Mzee aliyestaafu aweza kuifanya, na hali kadhalika kijana anayesubiri matokeo ya mtihani.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, kazi hii ina hatari ambazo wengi hawazifikirii kwa sababu inaonekana ya upole na ya kiasili. Hatari hizo ziko mahali panne: katika sufu chafu, katika mikono inayosokota, katika dawa za kushikisha rangi na katika jiko linalochemsha rangi hiyo. Leo tutazipitia moja baada ya nyingine, kwa utaratibu ule ule wa kazi yenyewe.

SUFU INATOKA WAPI?

Si kila kondoo ana sufu ya kusokotwa. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana nywele fupi, na Dorper naye hufugwa kwa ajili ya nyama. Sufu nzuri hutoka kwa kondoo kama vile Merino na Corriedale, ambao hufugwa katika sehemu zenye baridi kama Nyandarua, Molo na Timau.

Unapomwendea mfugaji, usiulize bei pekee. Muulize maswali mawili yanayohusu afya yako.

Swali la kwanza: je, sufu hii ilikatwa kutoka kwa kondoo aliye hai na mwenye afya? Kamwe usichukue sufu iliyotolewa kwenye mzoga wa kondoo aliyekufa ghafla. Mnyama wa aina hiyo huenda aliuawa na kimeta, na vijidudu vya kimeta hujifungia katika gamba gumu na kuishi kwa miaka mingi katika manyoya na udongo. Kuosha kwa sabuni ya kawaida si hakikisho kwamba vimekufa.

Jambo hili lilijulikana kwa uchungu katika mji wa Bradford, Uingereza, uliokuwa na viwanda vingi vya sufu. Katika karne ya 19, wafanyakazi waliochambua manyoya walikuwa wakishikwa na homa na kukosa pumzi, kisha wakafa katika muda wa siku chache. Daktari John Henry Bell wa mji huo ndiye aliyeonyesha kwamba maradhi hayo yalikuwa kimeta kilichovutwa pamoja na vumbi la manyoya.

Usidhani hayo ni ya kale na ya mbali. Mwaka wa 2015, kimeta kiliua nyati wengi katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Mifugo hapa Kenya huchanjwa dhidi yake, na mfugaji mwema hataona vibaya ukimuuliza kuhusu chanjo.

Swali la pili: kondoo waliogeshwa dawa ya kupe lini? Dawa hiyo hunata katika mafuta ya sufu. Kibandiko cha dawa hueleza muda wa kungoja. Ikiwa kondoo alikatwa manyoya kabla ya muda huo kwisha, iache sufu hiyo.

KUOSHA NA KUCHAMBUA

Sufu mbichi ina mafuta, jasho, kinyesi, miiba na vumbi. Usishangae ikipoteza hata nusu ya uzito wake baada ya kuoshwa.

Anza kazi hii nje ya nyumba. Vaa glavu za mpira na barakoa ya kuzuia vumbi, kisha toa kwa mkono vipande vichafu zaidi uvitupe. Kitambaa cha kawaida kilichofungwa puani hakitoshi, kwani vumbi jembamba hupenya. Mwenye pumu afadhali amwachie mtu mwingine hatua hii.

Tia maji ya moto na sabuni katika karai, kisha uitumbukize sufu polepole na kuiacha itulie kwa nusu saa. Usiisugue kama soksi, maana itagandamana iwe kama blanketi na haitasokoteka tena. Badilisha maji mara tatu au nne, lakini yawe na joto linalokaribiana kila mara. Ianike kivulini.

Ikishakauka, ichambue kwa vichanuo viwili vyenye meno ya waya mpaka nyuzi zielekee upande mmoja. Vumbi litatoka tena, kwa hiyo barakoa isitupwe. Waya ukikuchoma, osha kidonda kwa maji na sabuni, na ukumbuke kuuliza hospitalini kama chanjo yako ya pepopunda bado inafanya kazi.

Ukiona kipele kisichouma ambacho baadaye kinageuka kidonda chenye gamba jeusi, au ukipata homa na kifua kubana baada ya kushika sufu mbichi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie daktari wazi: "Mimi hushika manyoya ya kondoo." Neno hilo moja laweza kuokoa maisha, kwa kuwa kimeta hutibika kwa dawa za antibiotiki kikigunduliwa mapema.

MIKONO NA MABEGA

Anayeanza hahitaji gurudumu la kusokotea. Kijiti laini chenye kisahani cha mbao karibu na ncha kinatosha. Kisahani hicho hukifanya kijiti kizunguke kama pia, huku mkono mwingine ukiachilia sufu kidogo kidogo.

Kosa la wengi ni kuinua mkono juu ya bega na kuubana uzi kwa nguvu. Baada ya saa moja shingo hukakamaa. Baada ya wiki kadhaa vidole huanza kufa ganzi usiku, hasa kidole gumba na viwili vinavyokifuata. Hiyo ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unaopita katika kifundo cha mkono unabanwa.

Kinga yake ni rahisi. Keti kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili ikiwa sakafuni. Mikono isipite kimo cha kifua. Pumzika kila baada ya dakika 20 au 30, ukikunja na kukunjua vidole. Ganzi ikiendelea baada ya kupumzika kwa siku kadhaa, muone daktari badala ya kujipaka dawa ya misuli tu.

DAWA ZA KUSHIKISHA RANGI

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Rangi nyingi za mimea hazishiki sufu zenyewe. Zinahitaji chumvi ya madini ya kuzifunga katika uzi, la sivyo zitatoka kwa maji na jua.

Vitabu vya zamani hutaja chumvi kadhaa. Ni muhimu uzijue kwa majina, kwa sababu hazilingani hata kidogo kwa sumu.

Shabu: Hii ndiyo ya kuchagua. Ni chumvi nyeupe ambayo wazee wa Pwani waliitumia kusafisha maji, na wanyozi kukausha damu. Si chakula, na unga wake huwasha macho, lakini ndiyo yenye madhara machache zaidi.

Chumvi ya chuma: Hutia giza rangi na kuipeleka kwenye kijivu. Kiasi kidogo tu hutosha. Mtoto akiila aweza kudhurika vibaya.

Mrututu: Ni ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu ambayo wakulima wa kahawa wanaifahamu. Hupeleka rangi kwenye kijani. Ni sumu ikimezwa, na maji yake huua samaki. Anayeanza hana haja nayo.

Chumvi ya kromu: Ina rangi ya machungwa yenye kupendeza, na ndiyo iliyo mbaya kupita zote. Husababisha vidonda vya ngozi na mzio usiokwisha, na wataalamu wa afya duniani wameithibitisha kuwa chanzo cha saratani ya mapafu. Ukikuta mapishi ya rangi yanayoitaja, funga ukurasa huo.

Mwanamke mjamzito na anayenyonyesha wasishike chumvi hizi, hata kwa glavu.

Labda utasema, "Basi nitatumia mimea peke yake, maana ni ya asili." Tahadhari! Asili si usalama. Mmea wa oleanda unaopandwa kwenye nyua nyingi za mjini, wenye maua ya waridi au meupe, una sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Usichemshe mmea usioujua. Anza na ile inayojulikana: maganda ya vitunguu, manjano, gome la muwati na kokwa za avokado.

JINSI YA KUFANYA

Kwa gramu 100 za uzi mkavu, pima gramu 10 hadi 12 za shabu, yaani kama vijiko viwili vya chai. Iyeyushe kwanza katika kikombe cha maji ya moto, kisha uimimine katika lita nne za maji. Tia uzi uliokwisha kuloweshwa. Pasha moto polepole mpaka mvuke uanze kupanda, ukae hivyo kwa saa moja bila kutokota, kisha uache upoe wenyewe.

Katika chombo kingine, chemsha gramu 100 za maganda makavu ya vitunguu kwa saa moja, kisha uyachuje. Waulize akina mama wa sokoni. Wengi watakupa bure. Tumbukiza uzi katika maji hayo na kuupasha moto vivyo hivyo kwa dakika 45. Utatoka na rangi ya dhahabu inayoelekea machungwa. Manjano hutoa rangi kali zaidi, lakini hupauka upesi juani. Gome la muwati hutoa kahawia.

Sasa shika sheria hizi bila kulegea:

1. Sufuria ya rangi iwe ya rangi tu. Usiipikie ugali wala chai tena, hata ukiisugua kwa mchanga. Ipake alama nyekundu, pamoja na mwiko, kijiko na kichujio chake, na uvifungie mbali na vyombo vya chakula. Sufuria zetu za alumini huathiriwa na baadhi ya dawa, kwa hiyo nunua ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka.

2. Usichemshie rangi kwenye jiko la makaa ndani ya nyumba. Kazi hii huchukua saa mbili au tatu, na makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo imeua familia nzima zilizofunga madirisha kwa sababu ya baridi. Chemshia nje. Kama huna budi kuchemshia ndani, tumia gesi au umeme, madirisha yakiwa wazi na mvuke usikupige usoni.

3. Unga wa dawa usiwekwe kamwe katika chupa ya soda au mkebe wa maziwa. Uandike jina lake na kuuweka juu, mahali penye kufuli.

4. Usile, usinywe wala usivute sigara ukiwa kazini. Vua glavu na kunawa kabla ya kushika mtoto.

5. Maji ya shabu yaliyobaki yamwage chooni kwa maji mengi. Usiyamwage kwenye sukuma wiki wala mtoni.

MTOTO AKINYWA

Ikitokea mtoto amemeza dawa au maji ya rangi, usimtapishe na usimpe maziwa kwa kubahatisha. Mwoshe mdomo, kisha mkimbize hospitali pamoja na mkebe wa dawa yenyewe ili daktari ajue ni nini. Dawa ikiruka jichoni, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha utafute daktari.

Hayo yote yasikuvunje moyo, msomaji. Sufuria moja ya ziada, barakoa, glavu na shabu si gharama kubwa, na ukishavipata utafurahia kazi hii kwa miaka mingi. Tahadhari kabla ya athari. Kabla hujawasha moto Jumamosi hii, ingia jikoni uchague chombo kitakachokuwa cha rangi, na ukitie alama nyekundu leo hii.