Kabla ya Kusimamisha Mtambo wa Upepo Shambani

Katika somo hili tutaangalia mtambo mdogo wa upepo, ule wa kuchaji betri za taa, simu na redio. Kikundi kikianza kuutaka, swali la kwanza huwa ni bei. Sisi twaona la kwanza ni hili: utasimama kwa shamba la nani, na ukianguka utaangukia nini?

Tuanze na urefu, maana hapo ndipo ubishi huanzia. Upepo wa chini ni dhaifu na umevurugwa na miti na nyumba. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nane. Ndiyo sababu mafundi hutaka ncha ya chini ya bawa ipite kwa mita 9 kila mti na kila paa lililo ndani ya mita 90 hivi. Kama mwembe wa jirani una mita 8, mlingoti wa mita 6 ni kazi bure.

Sasa chukueni ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo wengi tunaijua. Upana wake ni mita 15. Mkiweka mlingoti katikati kabisa, mpaka uko mita 7 na nusu tu kila upande. Mlingoti wa mita 12 ukikatika unalala kwa jirani, pengine juu ya jikoni lake watoto wakiwa ndani. Na bado hatujahesabu nafasi ya zile waya za kuushikilia. Kwa ploti kama hii twasema wazi, nunueni sola. Ekari moja iliyo mraba ni jambo jingine: ina kama mita 63 kila upande, na mlingoti wa mita 18 ukiwa katikati hauwezi kumfikia mtu wa nje.

Huko England, tangu mwaka 2011, mwenye nyumba anaweza kusimamisha mtambo mmoja bila kuomba kibali cha ujenzi, lakini kwa masharti. Usizidi mita 11.1 hadi ncha ya bawa. Bawa lisishuke chini ya mita 5 kutoka ardhini. Na umbali hadi mpaka uzidi urefu wote wa mtambo ukiongezewa sehemu moja ya kumi. Hatufungwi na sheria ya huko, ila hesabu hiyo ya mpaka haina gharama. Chukueni kamba mpime.

Kwetu Kenya, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mtu apate kibali cha kaunti kabla ya kuanza ujenzi, hata kama ardhi ni yake mwenyewe. Mlingoti uliozamishwa kwa simiti ni ujenzi. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miezi miwili, au yote mawili. Basi nendeni kwa afisa wa mipango wa kaunti mkiwa na mchoro unaoonyesha mipaka, nyumba na urefu wa mtambo. Mwulizeni ada na fomu, maana kaunti hazifanani. Nakala yenu ipigwe muhuri wenye tarehe, kwa sababu sheria hiyo yasema msipojibiwa kwa maandishi kwa siku 60, kibali kinahesabiwa kuwa kimetolewa. Bila muhuri mtaonyesha nini?

Kama mko karibu na kiwanja cha ndege, hata kile cha nyasi, ulizeni pia mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA. Juu ya kelele kuna kanuni za NEMA za 2009. Leseni ya umeme hamhitaji kwa matumizi yenu wenyewe, kwani Sheria ya Kawi ya 2019 inaruhusu hadi megawati moja. Lakini kupitisha waya hadi kwa majirani na kuwatoza pesa, hapo mwende EPRA kwanza.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni shamba lenyewe. Mzee mmoja husema kwa moyo mweupe, "wekeni kwangu." Watu wanachanga, mlingoti unasimama. Mzee akifariki, wanawe wanasema kilicho kwa shamba la baba ni cha baba. Hata miradi mikubwa haiponi: ule wa Kinangop, wa megawati 60.8, ulivunjwa mwaka 2016 baada ya mzozo wa ardhi na wenyeji.

Kwa hiyo andikeni mkataba wa kukodi kipande hicho, kwa jina la kikundi kilichosajiliwa. Useme ni miaka mingapi, njia ya kufika kwa mtambo ni ipi, na nani ataung'oa siku ya mwisho. Mkewe mzee na watoto wakubwa wakae kwenye kikao hicho. Ikiwa ni shamba la kilimo lililo chini ya bodi ya ardhi, ombeni idhini ya bodi ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mkataba huo hauna nguvu. Na kama hati bado iko kwa jina la babu aliyekufa zamani, hapo msiweke hata msumari. Familia imalize urithi kwanza.

Kwa mkutano wenu ujao: hati ya shamba mnalolifikiria iko kwa jina la nani? Mtu mmoja aende kuiona kwa macho yake. Wengine wabebe kamba, wamwite jirani, mpime pamoja naye kutoka mahali pa mlingoti hadi kwenye jiwe la mpaka.