Nywila Fupi, Diski Kubwa: Kwa Wafanyabiashara wa Kariakoo na Magogoni

Madukani Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, diski ya TB 5 inaenea kiganjani. Wengi hununua kuhifadhi video za harusi. Mwizi wa taarifa ana kazi nayo nyingine.

Mfumo mzuri wa mauzo hautunzi nywila kama ulivyoiandika. Huigeuza kuwa alama isiyorudishika kuwa neno. Zamani aliyeiba alama hizo alikisia neno moja moja, na kwa kila mfumo akaanza upya. Mwenye hifadhi kubwa hukokotoa maneno yote mara moja, akayatunza pamoja na alama zake katika jedwali, kisha ni kutafuta tu, kama unavyotafuta jina kwenye daftari la wadeni.

Piga hesabu. Namba ya siri ya tarakimu 4 ina uwezekano 10,000. Jedwali lake ni dogo kuliko picha moja ya simu. Nywila ya herufi ndogo 8 ina uwezekano unaozidi bilioni 208, na bado jedwali lake likipangwa vizuri linaenea kwenye diski ile ile. Ya herufi 12 ingehitaji diski zaidi ya 400,000.

Wataalamu wamepunguza hata hifadhi inayohitajika. Martin Hellman alionyesha njia mwaka 1980. Mwaka 2003 Philippe Oechslin, kwa GB 1.4 tu, alifichua asilimia 99.9 ya nywila za Windows za herufi na tarakimu, kila moja kwa sekunde 13.6. Usimbaji wa simu za 2G nao ulivunjwa kwa majedwali ya takriban TB 2.

Kwa hiyo, wakala wa pesa za simu kivukoni Magogoni asitumie namba ya siri ya pesa kama nywila ya kompyuta. Kwenye simu inalindwa kwa kufungiwa ukikosea mara chache. Lakini alama yake ikiibwa kwenye kompyuta, haina kinga. Simba, Yanga, jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, hayo ndiyo ya kwanza kuingia kwenye jedwali. Badala yake, unganisha maneno manne yasiyohusiana.

Tangu 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inamtaka anayekusanya taarifa za wateja azilinde. Basi muulize aliyekuuzia mfumo: je, kila nywila huongezewa namba nasibu yake kabla ya kugeuzwa? Ikiongezewa, jedwali lililoandaliwa mapema halifai kitu. Asipoelewa swali, tafuta fundi mwingine.