Taarifa Bora na Faida Yake kwa Mfanyabiashara

Mfanyabiashara hupokea maneno mengi kwa siku moja: bei iliyosikika bandarini, nambari zilizomo katika stakabadhi, ujumbe wa mteja aliyeko Pemba, uvumi wa barazani. Si yote hayo yanayostahiki kuitwa taarifa. Nambari peke yake ni mfano wa karafuu mbichi ambayo bado haijaanikwa. Huwa taarifa pale inapopangwa, ikalinganishwa na nambari nyingine, na ikamwezesha mwenye biashara kuamua jambo: kununua au kungoja, kukopa au kutokopa, kupanda au kuliacha shamba kama lilivyo. Kwa hivyo ubora wa taarifa haupimwi kwa wingi wa kurasa wala kwa uzuri wa mwandiko, bali kwa uamuzi unaotokana nayo.

Biashara ya karafuu ni mwalimu mzuri katika jambo hili, kwani kosa dogo la taarifa ndani yake huonekana haraka mfukoni. Na achukuliwe, kwa mfano tu, mtu anayesikia kwamba kilo moja ya karafuu inauzwa shilingi 14,000, naye amepata mahali pa kununua karafuu mbichi kwa shilingi 4,000 kila kilo. Kwa haraka anaona faida ya shilingi 10,000, anaweka nyumba rehani na kuchukua mkopo. Lakini huhitajika karibu kilo tatu za karafuu mbichi kupata kilo moja iliyokauka. Kwa hivyo kilo moja ya kuuzwa imemgharimu shilingi 12,000, na kilichobaki ni shilingi 2,000. Humo bado hajatoa gharama ya majamvi, ya watu wa kuanika na kuanua, ya ulinzi wa usiku na ya gari. Ikiwa mvua itanyesha siku mbili mfululizo, karafuu zikachacha na kuwa mpeta, daraja lake litashuka na hata hizo 2,000 hazitapatikana. Bei aliyoambiwa ilikuwa ya kweli. Kilichomponza ni kuwa taarifa ile haikutimia: haikusema kama ni karafuu mbichi au kavu, haikusema ni ya daraja gani, wala haikusema bei hiyo hulipwa shambani au kituoni.

Jambo la vipimo linahitaji uangalifu wa pekee. Mchumaji huzoea kulipwa kwa pishi, nayo pishi ni kipimo cha ujazo. Mnunuzi hupima kwa kilo, nayo kilo ni kipimo cha uzito. Pishi iliyojazwa kwa kushindiliwa si sawa na iliyojazwa kwa kumiminwa. Watu wawili wanaweza kutaja idadi ileile kwa nia njema kabisa, na kila mmoja akawa anakusudia kitu tofauti.

Sifa nyingine ni kufika kwa wakati. Katika karne ya 19, vyombo vya matanga vilivyotoka Uarabuni na Bara Hindi vilifika Unguja kwa pepo za kaskazi na kurejea kwa kusi, na habari za masoko zilisafiri ndani ya vyombo hivyohivyo pamoja na bidhaa. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, ambao nchi yao ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833 na kuweka balozi wake mdogo Unguja mwaka 1837, walikuwa wakiandikiana barua zilizochukua miezi baharini. Bei iliyoandikwa ndani yake ilikuwa sahihi siku ile wino ulipokauka. Siku barua ilipofunguliwa, huenda soko lilikwisha kugeuka. Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi uliopitishwa chini ya bahari kutoka Aden uliifikia Zanzibar, na umbali uliokuwa wa miezi ukageuka kuwa wa muda mfupi mno. Karafuu yenyewe haikubadilika hata chembe, ila aliyekuwa na habari za jana alimshinda aliyekuwa na habari za msimu uliopita.

Nguvu ya taarifa inayofika kwa wakati ilipimwa vizuri sana na mtaalamu wa uchumi, Robert Jensen, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2007 kuhusu wavuvi wa samaki wa jamii ya dagaa katika jimbo la Kerala, India. Kabla ya simu za mkononi kufika pwani hiyo, mvuvi aghalabu aliteremsha samaki wake katika ufukwe wa kwao bila ya kujua hali ya fukwe nyingine. Ufukwe mmoja ulifurika samaki hata wakamwagwa kwa kukosa wanunuzi, ilhali wanunuzi wa ufukwe usio mbali walirudi nyumbani na vikapu vitupu. Kati ya mwaka 1997 na 2001 simu zilienea hatua kwa hatua. Mvuvi akawa anauliza bei angali baharini, kisha anaelekeza chombo chake panapohitajika samaki. Sehemu ya samaki waliokuwa wakiharibika, ambayo ilikuwa kati ya asilimia 5 na 8, ilitoweka. Faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Ni nadra kuona jambo moja likiwafaa muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, na wala hapakuongezwa nyavu wala injini; kilichoongezeka ni kujua.

Hata hivyo, taarifa ya haraka isiyojulikana chimbuko lake ni hatari. Kila msemaji ana maslahi yake. Dalali anayesema kuwa bei itashuka wiki ijayo huenda anasema kweli, na huenda ana mteja anayetaka kununua leo kwa bei ya chini. Si lazima ashukiwe uongo. Inatosha kujiuliza atapata nini iwapo ataaminiwa. Njia ya kawaida ya kujilinda ni kutafuta shahidi wa pili, lakini shahidi huyo sharti awe hakuichukua habari yake kwa yule wa kwanza. Watu watatu waliokunywa kahawa katika baraza moja, kisha wakatoka na neno moja, huhesabiwa kuwa chanzo kimoja. Mizani ya kituo cha ununuzi, stakabadhi iliyopigwa muhuri na tangazo la bei lililobandikwa hadharani vina uzito zaidi kuliko wote watatu.

Sifa iliyo ngumu kuliko zote ni taarifa kuhusika na uamuzi uliopo mbele, na hapa historia ya karafuu ina somo kubwa. Kwa miaka mingi Indonesia ilikuwa mnunuzi mkuu wa karafuu za Zanzibar, kwa ajili ya sigara zake za kretek, ambazo huchanganywa tumbaku na karafuu. Katika miaka ya 1970 nchi hiyo ilipanda mikarafuu kwa wingi, na kufikia miaka ya 1980 ikawa inajitosheleza kwa sehemu kubwa ya mahitaji yake. Bei ya dunia ikaporomoka, na mkulima wa Pemba ambaye hakukosea chochote shambani mwake akajikuta maskini. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa, na huhitaji miaka mingi zaidi kufikia uzaaji wake kamili. Kwa sababu hiyo, bei ya mwaka huu humfaa anayetaka kuuza gunia mwaka huu, bali haimwambii mengi anayetaka kupanda mche. Huyu wa pili anahitaji kujua ni miche mingapi inayopandwa Indonesia, Madagascar na Comoro, umri wake, na nani atakayeinunua mazao yake. Taarifa ya aina hiyo haina msisimko wala haizungumzwi barazani, na ndiyo iliyokuwa ikibeba bei ya miaka kumi mbele.

Kinyume chake kilitokea mwaka 1872, pale kimbunga cha mwezi wa Aprili kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama. Tukio kama hilo halina mtabiri. Lakini mwenye shamba Pemba aliyejua mapema ukubwa wa maafa yale alielewa pia kwamba miche mipya ya Unguja isingezaa kwa miaka kadhaa, na kwamba mazao yake yangetafutwa.

Kupata taarifa nako kuna gharama: nauli, muda wa simu, siku ya kazi iliyopotea. Mwenye duka la rejareja hahitaji kusafiri hadi Dar es Salaam ili ajue tofauti ya shilingi ishirini katika kilo ya sukari, ikiwa ananunua mifuko miwili kwa mwezi. Anayenunua tani kumi, hesabu yake ni nyingine. Usahihi unaohitajika hulingana na ukubwa wa hasara inayoweza kupatikana.

Ipo taarifa moja isiyolipiwa na ambayo bado wengi hukosa kuwa nayo, nayo ni ile ya biashara yao wenyewe. Daftari la kawaida lenye mistari linatosha. Kila bei inayosikika iandikwe pamoja na tarehe yake, kipimo chake, daraja la bidhaa, mahali ilipolipwa na jina la aliyeisema. Kila kilo mbichi zinazoanikwa ziandikwe, na kilo kavu zilizotoka ziandikwe mkabala nazo. Baada ya misimu miwili mwenye daftari ataona katika shamba lake mwenyewe kama hesabu ya tatu kwa moja ni sawa au si sawa, na ataona pia ni dalali gani ambaye maneno yake hutimia.