Mpako wa Saladi Kutokana na Kiporo cha Hemu

Nyakanazi, katika Wilaya ya Biharamulo, ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Kahama hugawanyika hapo: moja huelekea Lusahunga na kuendelea hadi Ngara na mpaka wa Rusumo, na nyingine hushika njia ya Kibondo na Kigoma. Mji wa namna hiyo hupika kwa ajili ya wapitao, na penye wapitao hapakosi kiporo, kwa kuwa gari lililotarajiwa saa moja jioni huweza kufika saa nne usiku, au lisifike kabisa. Miongoni mwa viporo vyote, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi ndiyo inayowadanganya watu zaidi.

Hemu ni paja la nguruwe lililokolezwa chumvi, mara nyingi pamoja na naitraiti inayoipa nyama rangi ya waridi, kisha likafukizwa moshi au kuchemshwa. Hemu ya kiwandani si chakula cha kila siku katika miji midogo kama huo. Paja la nguruwe lililotiwa chumvi nyumbani laweza kushika nafasi yake, mradi liwe limepikwa likaiva hadi ndani, kwani nyama mbichi ya nguruwe huweza kubeba kiluwiluwi cha tegu, ambacho huonekana kama punje nyeupe za mchele. Asiyekula nyama ya nguruwe aweza kutumia kuku au ng'ombe; kanuni hazibadiliki.

Watu huiamini hemu kwa sababu ya chumvi. Ni kweli kwamba chumvi huvuta maji na kuwanyima bakteria wengi unyevu wanaouhitaji. Lakini yupo bakteria mmoja, stafilokoki, ambaye huvumilia chumvi nyingi kuliko wenzake. Huyu huishi puani mwa watu wengi wasio na ugonjwa wowote, na hujaa katika majipu na vidonda vya vidole. Anapoangukia juu ya hemu huikuta meza tupu: washindani wake wamekwisha kudhoofishwa na chumvi, naye hula peke yake.

Mfano mashuhuri ulitokea Februari 1975. Ndege kubwa iliyokuwa ikitoka Tokyo kwenda Ulaya, ikiwa na abiria 344, ilipakia chakula mjini Anchorage, huko Alaska. Katika chakula hicho yalikuwamo mayai ya kukaanga yaliyowekewa vipande vya hemu. Kabla ya kutua Copenhagen watu walianza kutapika na kuharisha, na hatimaye wagonjwa walifika 197. Uchunguzi ulionyesha kwamba mpishi mmoja aliyeishika hemu alikuwa na vidonda vidoleni, na kwamba chakula kilikaa saa nyingi bila ubaridi wa kutosha. Vidonda vya mtu mmoja viliwalaza hospitalini zaidi ya watu mia moja.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme bakteria 1,000 wameingia katika nyama iliyo vuguvugu, na kila baada ya dakika 30 idadi yao inakuwa maradufu. Baada ya saa moja watakuwa 4,000. Baada ya saa tano watazidi 1,000,000. Wakifikia wingi huo huwa wametoa sumu ya kutosha kumwangusha mtu mzima, na nyama haibadiliki harufu, rangi wala ladha. Mlaji hutapika kati ya dakika 30 na saa nane baada ya kula, huku tumbo likimsokota.

Hapa ndipo ilipo kosa la majiko mengi. Mpishi huichemsha upya nyama iliyolala mezani, akidhani moto umemaliza kila kitu. Moto huwaua bakteria, lakini sumu waliyokwisha kuitoa huweza kustahimili maji yanayochemka kwa nusu saa na zaidi. Kiporo kilichoharibika kwa njia hiyo hakiokolewi na sufuria. Jambo la kuuliza si kwamba nyama itapashwa moto au la, bali imekaa muda gani tangu ilipopoa, na nani ameishika.

Kwa hiyo mpako hutengenezwa kwa nyama iliyowekwa katika jokofu lenye baridi isiyozidi nyuzi 5 za Sentigredi, au iliyopoa chini ya saa mbili zilizopita. Mtungi wa maji hupoza vizuri kinywaji, lakini baridi yake haifikii kiwango cha kumzuia stafilokoki, ambaye huweza kutoa sumu hata kwenye nyuzi 10 au 15. Mwenye kidonda au jipu mkononi amwachie mwingine kazi hii.

Gramu 250 za nyama hukatwa vipande vidogo sana, kisha hupondwa katika kinu safi hadi nyuzinyuzi ziachane. Nyama peke yake hubaki kavu na ya kusagikasagika. Ulaini kama wa malai hutokana na mafuta yaliyogawanywa katika matone madogo mno ndani ya maji. Mafuta na maji kwa kawaida hukataana. Kiini cha yai kina lesithini, ambayo upande mmoja hushika mafuta na upande wa pili hushika maji, na hivyo huyazuia matone yasiungane tena. Katika mapishi ya Ulaya hutumika kiini kibichi, lakini yai bichi laweza kuwa na salmonela. Viini viwili vya mayai yaliyochemshwa yakawa magumu hufaa, ingawa nguvu yake ya kuunganisha ni ndogo kidogo.

Viini hupondwa pamoja na vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau. Mafuta ya alizeti, vijiko vitatu, huongezwa matone kwa matone huku mchanganyiko ukikorogwa bila kusimama. Anayemimina yote mara moja atayaona yakielea. Kisha huongezwa parachichi moja lililoiva, ambalo hufanya sehemu kubwa ya kazi, kwani lina mafuta na maji yaliyokwisha kuchanganywa na mti wenyewe. Limau huchelewesha kimeng'enya kinacholigeuza parachichi kuwa jeusi. Mwisho huingia nyama, kitunguu kilichokatwakatwa na pilipili manga. Chumvi haihitajiki. Mpako huu hupakwa katika mkate, au huliwa pamoja na nyanya, matango na ndizi za kuchemsha.

Ukali wa limau hausitahili kutegemewa kama kinga, kwa sababu nyama hupunguza uchachu wake. Mpako uliwe papo hapo. Wa jokofuni usipite siku mbili.

Mabaki ya bakuli yasipewe nguruwe. Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, huweza kuishi miezi kadhaa katika nyama iliyotiwa chumvi isiyopikwa. Mwaka 1957 ugonjwa huo uliingia Ureno, ambako nguruwe wa karibu na Lisbon walilishwa makombo ya chakula cha ndege. Hauna tiba. Mabaki huchomwa moto, au hufukiwa katika shimo refu ambalo nguruwe na mbwa hawawezi kulifukua.